Kupika Nikiwa Nimekaa

Ugali ndio ulionishinda kwanza. Mwanangu mchanga Baraka alikuwa hajatimiza siku arobaini, mama mkwe alikuwa ameenda sokoni, na nikaona nimpikie Ester, binti yangu wa kwanza, ale kabla hajarudi shule mchana. Nikabandika maji, yakachemka, nikamwaga unga. Nilisonga kidogo tu, mkono ukawa mzito na pumzi ikanikatika kama mtu aliyepanda mlima Kwaraa mbio. Nikaegemea ukuta, nikapumzika, nikajaribu tena. Mwishowe nilikaa chini sakafuni na mwiko mkononi, ugali unaungua, nauangalia tu. Mama mkwe ndiye aliyekuja kuuepua.

Naandika haya kwa sababu siku zile sikumjua mtu hata mmoja aliyewahi kuugua hivi. Kama umejifungua karibuni na huwezi kulala chali kwa kukosa pumzi, usikubali kuambiwa ni uchovu wa uzazi. Nenda hospitali leo. Mambo ya dawa waulize madaktari. Mimi nitasema ya jikoni na ya nyumbani, maana ugonjwa wenyewe ulikaa na sisi huko muda mrefu kuliko hospitalini.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Bagara, hapa mjini Babati, nashona sare za shule na magauni ya harusi. Mume wangu, Baba Ester, ni dereva wa lori. Hubeba mahindi na mbaazi, na msimu wa mavuno tunaonana kwa nadra. Mama yake alitoka kwao upande wa Hanang kuja kunitunza uzazi, kama alivyofanya nilipomzaa Ester. Ni mwanamke wa maneno machache, na Kiswahili chake kina mvuto wa kwao. Anaamka kabla ya watu wote na hapendi kuona mtu kakaa bure. Tulikuwa tunapatana vizuri.

Masika ilikuwa imeanza. Miguu ilianza kuvimba, kwanza vidole, halafu ndala zikawa haziingii. Nikawa nalala nimekaa, mito mgongoni, kwa sababu nikilala chali najisikia kama nimetoswa majini. Nikawa nakohoa. Zahanati ya kwanza walinipa dawa za kifua, nikazimaliza, kikohozi kikabaki. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, akanifunika blanketi mbili, akasema ni baridi ya uzazi. Hakuwa na ubaya wowote. Kwao baridi ya uzazi ipo, na wanawake wengi wamepona kwa kukandwa.

Siku niliyoshindwa kutoka kitandani mpaka mlangoni, Baba Ester aliita bajaji. Dereva aliniambia, "Mama, jilaze upumzike." Nikatikisa kichwa. Kila bajaji ilipoingia kwenye shimo nilidhani pumzi ile ndiyo ya mwisho. Mama mkwe alikuwa kando yangu na mtoto kifuani, anasali kwa lugha yao.

Hapa Babati waliniwekea mashine ya hewa, wakanichoma sindano ya kutoa maji, nikakojoa mpaka nikaona aibu. Nilipopata nafuu kidogo walinipeleka Arusha kupimwa moyo. Kipimo chenyewe kinafanana na kile cha mtoto tumboni, ila wanakipitisha kifuani. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwita Baba Ester aingie, akatueleza kwamba moyo wangu umetanuka na umepoteza nguvu ya kusukuma damu, na kwamba ugonjwa huu huwapata baadhi ya wazazi mwishoni mwa mimba au baada ya kujifungua. Mimi niliwaza lastiki ya sketi iliyovutwa mpaka ikalegea. Lastiki nikiwa kazini naibadilisha.

"Utapona?" Baba Ester aliuliza, ananiangalia mimi badala ya daktari.

"Wapo wanaopona kabisa, wapo wanaobaki na udhaifu," daktari alisema. "Hatuwezi kujua sasa. Ila mimba nyingine ni hatari kubwa. Nawaomba mlizingatie hilo wote wawili."

Baba Ester alizungusha kofia yake mikononi. Ni mtoto wa kiume pekee kwa mama yake, na kwao nyumba ya watoto wawili ni nyumba ya mtu mwenye matatizo. Tulipotoka nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akasema, "Wawili wanatosha." Sikujua kama alikuwa ananiambia mimi au anajiambia mwenyewe, na sikumuuliza.

Muuguzi alituelekeza chakula. Nisile chumvi, kwa sababu inashika maji mwilini na moyo unashindwa kuyabeba. Maji yawe jagi moja kwa kutwa, na chai na uji vihesabiwe humohumo. Nisibebe ndoo, nisifue, nisichochee chungu kizito. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa hali yangu nisinyonyeshe tena. Matiti yalijaa, yakauma, yakalowanisha nguo zangu ndani ya basi la kurudi Babati, halafu yakakauka. Baraka akahamia maziwa ya kopo. Mikononi mwangu alikuwa anageuza kichwa kutafuta titi, kwa hiyo ikawa afadhali ashikwe na bibi yake.

Watu wengi wangedhani mama mkwe alikataa hayo ya chumvi. Hakukataa. Alisikiliza maelezo, akachukua pakiti ya chumvi jikoni, akampelekea jirani aitunze. Nyumba nzima tukala chapwa. Alionja mboga, akakunja uso. "Hiki si chakula, mwanangu," aliniambia, "lakini kula tu." Alinipikia mbaazi, akanipikia makande laini yanayomeng'enyeka mdomoni, akakaa mbele yangu mpaka nimalize bakuli. Nilikuwa nakula kwa ajili yake.

Na bado nilivimba. Miguu, tumbo, halafu uso ukajaa mpaka Ester akaniambia nimenenepa. Dawa nilikuwa nameza kama nilivyoelekezwa. Mvua za mwisho za masika zilinikuta tena kwenye mashine ya hewa.

Yaliyotokea nyumbani nikiwa wodini nilikuja kuyasikia kwa Baba Ester mwenyewe, baadaye sana, na aliyaeleza akiwa ameniangalia miguuni. Alikuwa ametoka safari, akaja moja kwa moja hospitali. Daktari wa wodi akamuuliza, "Huyu mama anakula chumvi nyumbani?" Akajibu hapana. Daktari akasema, kwa alivyovimba, kuna mahali anaipata. Baba Ester alienda nyumbani akamkuta mama yake anachambua mboga.

"Nilimuuliza kama anakuwekea chumvi," aliniambia. "Akasema hajaweka. Nikamwambia asinidanganye. Akaapa kwa Mungu. Nikamwambia kama anataka kukuua aseme."

"Ulimwambia hivyo mama yako?"

"Nilimwambia."

Mama mkwe alimalizia kuchambua mboga, akaipika, akawapakulia. Asubuhi alimfunga Baraka mgongoni. "Mama yake yuko hospitali, na wewe uko barabarani," alimwambia mwanawe. "Hapa mtoto atakufa njaa." Akapanda gari la Hanang. Baba Ester hakumzuia, kwa sababu katika hilo alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo niliporuhusiwa nilirudi kwenye nyumba isiyo na mtoto mchanga. Nepi zilikuwa bado kwenye kamba, zimekakamaa kwa jua. Nilizianua moja moja nikipumzika kila baada ya moja, nikazikunja, nikaziweka sandukuni. Siku hiyo sikufanya kitu kingine.

Nilimpigia mama mkwe simu. "Shikamoo Mama." "Marahaba. Mtoto mzima." Akakata. Kesho yake vilevile.

Mavuno ya mbaazi yalipoanza Baba Ester alirudi barabarani, nikabaki na Ester. Mwanzoni tulikula vya kununua, maana sikuwa na nguvu ya kusimama jikoni. Mkate, chapati za mama lishe, chipsi, maharage ya mgahawani. Uso ukaanza kujaa tena. Ndipo nilipoelewa kwamba kila chakula kinachopikwa na mtu mwingine kina chumvi ndani, hata mkate ambao huisikii. Nikaona nina njia mbili: nijipikie au nirudi kwenye ile mashine. Na kujipikia kwenyewe ndiko kulikoniangusha sakafuni.

Aliyenitoa hapo alikuwa mgonjwa mwenzangu. Tulikutana Arusha kwenye benchi la kliniki ya moyo, benchi refu la mbao ambalo watu hulikalia toka alfajiri wakisogea taratibu kuelekea mlangoni. Alikuwa mama kutoka Magugu, mkulima wa mpunga, wanamwita Mama Zawadi. Ugonjwa wake ulikuwa kama wangu, ila yeye ulimpata kwa mtoto wa nne, na alikuwa ameshaishi nao misimu kadhaa. Alikuwa mwembamba mabegani na mzito miguuni. Alinitazama nilivyokuwa nahema baada ya ngazi, akasogea kunipa nafasi.

"Nyumbani nani anapika?" aliniuliza, hata hatujajuana majina.

"Mimi mwenyewe."

"Umesimama?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana. Tafuta stuli. Watu watasema mwanamke anapika kakaa, mvivu. Waache waseme, wewe upumue."

Kila tarehe zetu za kliniki zilipogongana tulikaa pamoja, na kati yake tulipigiana simu. Alinifundisha kupika upya kama mtu anavyomfundisha binti. Nilishusha jiko la gesi chini, nikalizungushia kila kitu ninachotumia nikikifikia kwa mkono bila kunyanyuka: sufuria mbili tu, kisu, ubao, chupa ya mafuta, ndoo ndogo yenye kikombe. Vile vyungu vikubwa nilimpa jirani. Mboga nakatia kitandani asubuhi, wakati dawa imeshatulia na mwili una nguvu kidogo, halafu nalala, halafu napika. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kupika chakula cha mchana kwa vipande, huku amelala katikati.

Ugali niliuacha kwa muda mrefu. Badala yake nilichemsha viazi vitamu, ndizi, magimbi, vitu visivyotaka kusongwa. Wali nao haukuwa na kazi, kwa sababu ya kikapu.

Kikapu hicho kinahitaji maelezo, maana ndicho kilichoniokoa. Unachukua kapu kubwa lenye kina, unalijaza vitambaa ndani mpaka libaki shimo la kutosha sufuria, na unashona mto wa kufunika juu. Vitambaa mimi ninavyo vya kumwaga, mabaki ya sare, kaki na bluu na nyeupe. Maharage unayaloweka jioni, asubuhi unamwaga maji yale, unaweka mengine, unayachemsha motoni yatokote hasa kwa muda mzuri, usiyaonee huruma. Kisha sufuria na mfuniko wake unaiingiza kapuni, unafunika, unaenda kulala. Hakuna kuchochea, hakuna kuinuka kuongeza maji. Mchana unakuta yameiva au yamebakiza kidogo tu, unayarudisha motoni yachemke tena. Mbaazi hivyohivyo. Mchele ukishachemka na maji kuanza kukauka, nao unaingia kapuni unajimalizia. Sina friji, kwa hiyo nilipika ya mchana na jioni, na ya kesho yake wakati wa baridi tu, nikichemsha upya kila mara.

Ladha ndiyo iliyonitoa machozi. Chakula bila chumvi kinakaa mdomoni kama karatasi, na yeyote atakayekwambia utazoea upesi anakudanganya. Mama Zawadi alinifundisha kuanza na kitunguu kingi, nikikaange taratibu mpaka kiwe rangi ya kahawia, halafu nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, na mwishoni kabisa, nikishaepua, ndimu. Ndimu inaudanganya ulimi. Karanga zilizosagwa, zile zisizotiwa kitu, nilizitia kwenye mnafu na mchicha. Perege mbichi wa ziwani nilimchemsha na nyanya na pilipili hoho, sufuria moja, hana kazi. Dagaa na samaki wa kukaushwa niliacha kwa sababu ya chumvi waliyopakwa, na vile vipande vya viungo vya kwenye karatasi nilivitupa vyote. Ester alikuwa anaongeza chumvi kwenye sahani yake, mimi nikiwa nimeshapakua yangu. Tulikula hivyo, tukimaliza chakula kimoja bila kupika mara mbili.

Sikupona. Ila uvimbe ulishuka, nikaanza kulala na mito miwili badala ya lundo, na siku nyingine niliweza kukaa kwenye cherehani nikashona kola.

Ilikuwa palepale kwenye benchi, upepo wa baridi unapita kwenye korido, nilipomweleza Mama Zawadi habari za mama mkwe. Nilimwambia vile alivyonipikia makande, vile nilivyovimba ilhali pakiti ya chumvi iko kwa jirani, na vile mtoto alivyochukuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Makande yalikuwa laini?" akauliza.

"Laini sana. Sijui alikuwa anafanyaje."

"Magadi," alisema. "Alikuwa anatia magadi."

Yale mawe ya rangi ya vumbi yanayotoka kwenye maziwa makavu, ambayo kila nyumba huku kwetu inalainishia makande na mlenda. Mama mkwe alikuja nayo kutoka kwao, yamefungwa kwenye kipande cha kanga. Nilikuwa nikimwona anayadondosha kwenye chungu.

"Magadi na chumvi kwa moyo ni ndugu," Mama Zawadi alisema. "Mimi pia yalinilaza. Kuanzia hapo muuguzi ananiuliza kila nikija."

"Sisi hatukuulizwa."

"Huwa hawakumbuki kuuliza. Wanasema chumvi, wewe unasikia chumvi."

Nilipomwambia Baba Ester alikuwa anakula. Aliacha kula. Alikaa na tonge mkononi mpaka likapoa, akalirudisha sahanini.

"Kwa hiyo aliapa kweli," alisema.

"Aliapa kweli."

"Nitamwambia nini sasa?"

"Mwambie hivyohivyo."

Hakumwambia. Alikuwa anapita kule na lori, anashusha makopo ya maziwa, mama yake anayapokea, anamwonyesha mtoto, wanasalimiana, anaondoka. Anarudi na picha kwenye simu: Baraka amekaa, Baraka ana meno. "Nilishindwa kuanza," ananiambia. Nikaona neno hilo nitalipeleka mimi, na kwa mdomo, si kwa simu inayokatwa. Lakini daktari alikuwa bado hajaniruhusu safari ya njia ile, na mwili wenyewe haukuruhusu.

Mvua za vuli zilikuja na kikohozi. Nililazwa tena, kwa muda mfupi. Nilipoenda kliniki baada ya hapo nafasi ya Mama Zawadi kwenye benchi ilikuwa imekaliwa na mzee mmoja na mwanawe. Nilidhani tarehe zetu zimepishana. Nikampigia. Simu ilipokelewa na mwanaume.

"Wewe ndiye yule fundi wa Babati?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Mimi ni Baba Zawadi. Mwenzako tumeshamzika."

Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini, swali la kijinga.

"Alikuwa amekaa jikoni," alisema. "Amekaa tu kwenye stuli yake. Tulidhani amesinzia."

Zamu yangu ilitukatiza, wakaniita jina. Daktari aliniuliza naendeleaje, nikasema vizuri. Aliniangalia macho, akanipa kitambaa.

Nataka ujue hilo pia, wewe unayesoma ukiwa na ugonjwa huu. Aliyenifundisha yote haya aliyafuata yote, na alikufa. Chakula si dawa ya kuponya moyo. Kilichofanya kwangu ni kunipunguzia safari za kulazwa, na kunipa kitu cha kufanya kwa mikono yangu wakati sina kingine ninachoweza. Baada ya kifo chake kuna siku nilikaa mbele ya jiko nikaogopa kuliwasha. Niliogopa ile stuli. Lakini Ester alikuwa anarudi shule na njaa, nikakaa juu yake nikaanza kumenya vitunguu.

Masika ya pili ilipita bila kulazwa. Wakarudia kunipima moyo. Daktari alisema moyo haujarudi kawaida ila umejikaza, na akaniruhusu kusafiri nikiwa na mtu. Barabara zilipokauka Baba Ester alinipandisha mbele kwenye lori, mto mgongoni, dawa mapajani, tukaenda Hanang.

Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mahindi. Alikuwa amekonda. Baraka alikuwa ameshajua kutembea. Aliponiona alikimbilia nyuma ya bibi yake, akashika sketi, akawa ananichungulia. Alikuwa na paji la uso la Baba Ester. Nilikuwa nimejiapia sitalia mbele yake nisije nikamtisha, na sikulia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Karibuni. Umepungua."

Tulipewa viti. Baba Ester alikohoa, akaangalia lori, akasema anaenda kuangalia tairi. Tukabaki wawili, na mtoto. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale mwaka mzima, nikiamini nampelekea zawadi.

"Mama, nimekuja kukwambia kwamba hukusema uongo. Hukuweka chumvi. Nimejua."

"Niliwaambia," alisema, anaendelea kupepeta.

"Ni magadi, Mama. Yale ya kwenye makande. Nayo yanashika maji kama chumvi. Hatukujua."

Ungo ulisimama. Aliuweka chini taratibu, mahindi yakiwa ndani, akaketi.

"Magadi," alisema. Halafu akasema, "Kwa hiyo ni mimi."

Sikuwa nimeliona hilo. Mwaka mzima nilifikiria kumwondolea lawama ya uongo, sikufikiria kwamba pamoja na lawama hiyo namwondolea pia kitu alichokuwa amekishikilia, ule uhakika kwamba mikono yake haikunidhuru. Alikuwa ameondoka nyumbani kwetu akiwa ameonewa. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya hata hilo.

"Hatukujua, Mama," nilirudia. "Hata hospitali hawakutuambia."

"Nilikuwa nayaongeza," alisema. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia viganja vyake. "Nilikuwa nakuona unakula kwa shida. Nikasema nimlainishie, apate kumeza. Kila siku nayaongeza kidogo."

Nilinyanyuka kwenye kiti, nikaenda nikakaa chini kwenye mkeka karibu naye. Baraka aliona bibi yake haongei, akaja akamkalia mapajani, na mguu wake mdogo ukagusa goti langu akauacha hapo. Baba Ester aliporudi alimpigia mama yake magoti, mtu mzima yule na ovaroli lake la grisi, na mama yake akamwekea mkono kichwani bila kumtazama.

Siku ile hatukuondoka na mtoto. Hakukubali kushikwa na mimi, na ukweli ni kwamba bado nisingeweza kumbeba. Mama mkwe alimleta mwenyewe baada ya mavuno, akakaa nasi mpaka mtoto alipomzoea Ester na nyumba. Siku bibi yake alipoondoka, Baraka alilia getini mpaka sauti ikakauka, akakataa kula. Nilimwacha, nikaenda kupika.

Sasa anaongea sana. Mchana huvuta kistuli chake akakaa upande wa pili wa jiko, anamenya kitunguu saumu, anakitia mdomoni, anakitema. Mimi nachoka upesi, na kuna siku siwezi hata hivyo, tunakula viazi vya kuchemsha na parachichi. Mama mkwe tunaongea naye kwenye simu kila Jumapili. Baraka ndiye anayeidaka kwanza. "Mama, lini unakuja?" anamuuliza bibi yake, na wakimaliza ananipa simu. "Mama Ester," ananiambia, kama anavyosikia majirani wakiniita, "Mama anakuita."

Sijamsahihisha. Naipokea simu.